Fedha za Hafla ni za Nani? Majibu kwa Wasomaji Wenye Klabu za Huduma

Katika toleo hili tunajibu barua tatu kutoka Kanda ya Kati, zote zikihusu kazi za klabu za huduma kwa jamii.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhazini wa klabu ndogo ya huduma hapa jijini Dodoma, yenye watumishi wa umma, walimu na wafanyabiashara. Hivi karibuni tuliandaa chakula cha jioni cha hisani na kuuza kadi, tukitangaza kwamba tunakusanya fedha za tangi la maji la shule ya msingi. Sasa baadhi ya viongozi wanataka sehemu ya fedha hizo ilipe pango la ofisi na fulana za wanachama. Nimekataa kutia sahihi, nami naambiwa nakwamisha maendeleo. Je, nimekosea? – *Mhazini, Nkuhungu*

JIBU: Hukukosea, ndugu mhazini, na tunakuomba usilegeze msimamo. Fedha zilizotolewa kwa jina la tangi ni za tangi, na salio likipatikana ni la shule hiyohiyo, au la huduma nyingine ambayo waliochangia wataelezwa waziwazi. Pango na fulana hulipwa kwa ada za wanachama. Ndivyo zinavyotakiwa kufanya klabu za Lions, ambazo chama chao kilianzishwa Chicago mwaka 1917: fedha za utawala hutoka kwa wanachama na hutunzwa mbali na fedha za huduma, na kilichochangwa na umma hurudi kwa umma, baada ya kutoa gharama za moja kwa moja za tukio lenyewe la kuchangisha.

Hizo gharama za tukio ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Tuseme mliuza kadi 100 kwa shilingi 30,000 kila moja, mkapata shilingi 3,000,000, kisha ukumbi, chakula na muziki vikala shilingi 1,900,000. Tangi limebakiwa na shilingi 1,100,000, na mgeni aliyerudi nyumbani akiamini kwamba ameichangia shule 30,000 kumbe ameichangia 11,000. Hakuna aliyeiba, lakini mgeni huyo akija kuzijua hesabu hizi, mwakani hatanunua kadi. Kwa hiyo tafuteni kwanza wa kubeba gharama: mwenye ukumbi atoe usiku mmoja, mfanyabiashara wa nafaka atoe mchele, wanachama wapike wenyewe. Mnada wa hisani nao hufaa sana hapa kwetu, kwa kuwa kreti la zabibu, mbuzi au debe la karanga lililotolewa bure na mkulima linaponadiwa, bei yote huingia kwenye mradi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini linatukera kila tunapoliona kwenye mabango: michango kutumwa kwenye namba ya simu ya mhazini. Hata mhazini mwaminifu kabisa anaweza kuugua, kuhamishwa kikazi au kufariki dunia, na fedha za watu zikabaki kwenye simu yake huku familia haijui ni za nani. Fungueni akaunti ya benki na lipa namba kwa jina la klabu, wenye mamlaka ya kutia sahihi wawe watatu, na kila hati ya malipo isainiwe na wawili kati yao. Tangi likishafungwa, bandikeni karatasi ya hesabu kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya mtaa, ikionyesha mapato, gharama na bei zilizomo kwenye risiti.

Msisahau gata na msingi imara wa kukalia tangi. Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na paa la bati lenye mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Bila gata, maji hayo yote huishia uwanjani, na tangi la lita 5,000 hukaa kavu msimu mzima.

SWALI: Mimi ni muuguzi wilayani Kongwa. Klabu moja ya mjini inataka kuja kwa siku moja kugawa miwani na dawa za macho katika kijiji chetu, ambako wazee wengi wameumizwa na vikope. Niwapokee au niwazuie? – *Muuguzi, Kongwa*

JIBU: Washukuru kwa nia yao, kisha waelekeze kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla hawajanunua chochote. Trakoma, yaani vikope, haitibiwi kwa miwani. Ni maambukizi ya bakteria yanayosambaa kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi anayetoka kwenye tongotongo za mtoto mmoja akatua kwenye jicho la mwingine. Anayeambukizwa tena na tena tangu utotoni hupata makovu upande wa ndani wa kope, kope hujikunja, na nywele zake hukwangua kioo cha jicho kila anapopepesa, mpaka kioo hicho kinapofunikwa na ukungu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mambo manne yaende pamoja: upasuaji wa kope, antibiotiki, kunawa uso na usafi wa mazingira. Antibiotiki hugawiwa kwa jamii nzima chini ya usimamizi wa wataalamu wa afya, na si kazi ya klabu.

Kunawa uso, hata hivyo, ni kazi ambayo klabu inaiweza, nanyi wa Kongwa mna haki ya kujivunia kwamba utafiti uliofanyika katika vijiji vyenu, na kutangazwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kuhimiza usafi wa nyuso za watoto pamoja na dawa hupunguza trakoma kali. Waombeni wageni wenu watengeneze vibuyu chirizi shuleni: dumu la lita 5 lenye tundu, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni. Fedha zitakazobaki zilipe nauli ya bibi anayehitaji upasuaji wa kope na chakula cha mjukuu atakayemsindikiza hospitalini, kwa sababu wagonjwa wengi hukwamishwa na safari yenyewe.

SWALI: Klabu yetu ya wanafunzi imepewa miche 500 bure, nasi tunataka kuipanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Tuchangishe fedha za nini? – *Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma*

JIBU: Msipande Juni, kwa maana mvua zimekwisha na miche itaingia kiangazi kabla haijashika mizizi. Siku hiyo tangazeni mchango, na ombeni miche iendelee kutunzwa kitaluni hadi mvua za Desemba zitakapolowesha ardhi vizuri. Changisheni fedha za miiba ya kuzuia mbuzi, za maji ya boza, na za ujira wa mtu wa kumwagilia katika kiangazi cha kwanza, ambacho kitawakuta wengi wenu mko likizo. Mkiona fedha hizo zinatosha miche 60 tu, pandeni 60, na inayobaki wapeni wenye nyumba walio tayari kuimwagilia.