Kofia ya taa na mistari ya msusi

SWALI: Docta, jambo sana. Mimi ni msusi hapa Kadutu, karibu na soko. Mteja wangu mmoja anayesomea uganga ameniambia kuna kofia yenye taa, wanamvika mtu kisha wanauona ubongo wake ukifanya kazi, bila sindano wala kupasua. Ni kweli? Inasoma mawazo? Na nywele zetu hizi nzito, taa itapitia wapi?
Msusi, Bukavu

JIBU: Mama, hicho cheo si changu. Nilikuwa muuguzi wa watoto njiti, sasa nimestaafu na kazi yangu ni barua zenu.

Kofia ipo. Usiku umeme ukikatika (wala hutangoja sana), washa tochi ya simu uiwekee kidole juu. Kidole kitawaka chekundu. Mwanga mwekundu hupenya nyama. Ule wa infraredi, ambao macho hayauoni, hupenya zaidi, hata mfupa wa kichwa. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga huo unaweza kueleza hali ya oksijeni ndani ya ubongo. Kufika 1993 watafiti walikuwa wanafuatilia nao ubongo wa binadamu ukiwa kazini. Sehemu inayoshughulika huletewa damu nyingi, na damu yenye oksijeni hunyonya mwanga tofauti na iliyoishiwa. Kofia inapima tofauti hiyo, basi.

Mawazo haisomi. Jirani akiona moshi jikoni kwako anajua unapika, hajui ni sambaza au lengalenga. Tena moshi wenyewe unachelewa: damu huchukua sekunde tano au sita hivi kufikia kilele. Na mwanga hauendi mbali, unaishia kwenye ganda la juu la ubongo. Siku hizi wanapunguza waya ili mtu aweze kutembea na kofia, na wanapanga taa nyingi kwa ukaribu ili picha iwe safi.

Watoto ndio wanaofaidi, kwa kuwa fuvu lao ni jembamba na mtoto anapimwa akiwa amepakatwa na mama yake. Kijijini Keneba, Gambia, ilifanyika hivyo kwa watoto wachanga, na matokeo yakachapishwa 2014. Mwanga wenyewe ni hafifu, si eksirei.

Sasa nywele. Rangi nyeusi ya nywele hunywa mwanga, na nywele nzito zenye kujikunja huinua taa isiguse ngozi. Mtaalamu hukaa na kijiti akitenganisha nywele chini ya kila taa, tundu moja baada ya jingine, mpaka anayepimwa anasinzia. Ikishindikana, vipimo vyake vinatupwa. Kwa hiyo wenye nywele kama zetu wamekuwa wachache katika tafiti hizi, na hilo mimi linaniudhi. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ni ndugu wa kofia hii: nacho hupima kwa mwanga, na rangi ya ngozi huunywa kama ile ya nywele. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Sikushangaa. Usiku mmoja kibanio kilinisomea 95, namba isiyotisha, kwa mtoto ambaye ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa wa buluu. Nilimwita daktari bila kungoja namba ibadilike.

Dawa ya tatizo hili la nywele huenda iko mikononi mwako. Huko Pittsburgh, Marekani, mwanafunzi Arnelle Etienne alibuni, pamoja na wenzake, vibanio vya kupimia umeme wa ubongo vinavyokaa kati ya mistari iliyosukwa. Habari zake zilitoka 2020. Kipimo chake si cha mwanga, lakini adui ni yuleyule, na yeye hakuzikata nywele wala kuzinyoosha: alizisuka, ngozi ikaonekana.

Mteja wako akirudi, mwambie akuletee mchoro wa matundu ya kofia wanayotumia. Kwa mtu mzima, taa na kipokezi chake huachana sentimita tatu hivi, karibu upana wa vidole viwili. Wewe unagawa kichwa kwa vipimo hivyo kila siku, na rula hujawahi kuishika.