Kabla Hujalipia Seva, Shuka Bondeni

Kijana mmoja wa chuo ameniandikia inboksi: "Kaka, nataka kutengeneza mfumo wa kuokoa watu wakati wa mafuriko. Nikodi wingu la kampuni gani?" Wingu ndizo seva, yaani kompyuta za mbali za kutunza taarifa, unazokodi kupitia mtandao. Nilimjibu, "Yoyote utakayoweza kuilipia mfadhili akishaondoka." Nadhani alinuna. Basi leo namjibu kwa kirefu, na wengine wenye ndoto kama yake mjisomee humu humu.

Mimi shule yangu ilikuwa Tandale. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam, sisi wanafunzi tulipelekwa kwenye kata zinazozama tukachore ramani pamoja na wenyeji. Mafuriko ya Desemba 2011 bado yalikuwa midomoni mwa watu. Baadaye tulipofika kwenye kazi ya mitaro tulitumia fomu za OpenDataKit, programu ya kukusanya taarifa kwa simu, na utamu wake ni kwamba hazidai mtandao: unajaza ukiwa umesimama kwenye tope kando ya Mto Ng'ombe, zinakaa kwenye simu, jioni ukipata bando zinapanda kwenye seva. Ramani yenyewe ikaingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni, ambako hata wewe unaweza kuichukua bure usiku huu.

Kuna siku mwenyekiti wa mtaa alitushika mkono hadi nyuma ya banda la chipsi, akatuonyesha karavati. Kwenye picha za angani hakuna kitu pale, ni bati tupu. Yeye alijua kwamba likiziba hilo, nyumba za upande wa pili zinaingia maji kabla ya zote. Taarifa ya namna hiyo huwezi kuikodi popote.

Nilipomaliza chuo nikajenga mfumo wangu. Mjumbe anatuma ujumbe mfupi kwa kitochi chake, "maji magotini, karibu na msikiti", ramani inaonyesha, kamati ya maafa ya kata inapata taarifa. Nikaupeleka kwenye shindano fulani la wabunifu. Jaji akaniuliza, "Akili bandia iko wapi hapa?" Ukumbi ukacheka. Alishinda jamaa mwenye skrini inayowaka rangi zote, na nukta zinazodundadunda. Leo tovuti yake haifunguki. Simcheki. Namcheka kidogo.

Halafu ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetutisha pwani nzima, na hata pumzi hatujashusha, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika. Mtandao ukawa wa kuchechemea nchi nzima. Waliokuwa wameweka kila kitu kwenye seva za Cape Town au Ireland wakabaki wanatazama kiduara kinazunguka. Mimi nilikuwa na nakala ya namba zote za simu kwenye laptopu kuukuu ndani ya ofisi ya kata, na modemu yenye laini ya kawaida inayotuma meseji. Mtendaji akanipigia: "Kijana, mbona zenu zinafika?" Wiki ile nilitembea kifua mbele, na sioni haya kusema.

Sisemi wingu halina kazi. Ofisi ya kata ikiingia maji, madaftari yanaoza, inabaki nakala iliyo mbali. Siku ya mvua kubwa watu wakifungua ukurasa wako wote kwa pamoja, seva ya kukodi unaiongezea nguvu kwa dakika chache, ile ya mezani inakufa. Tumia vyote viwili. Nimelisema hili mara nyingi na bado naletewa michoro yenye seva moja, nchi moja, nenosiri moja analolijua mtu mmoja ambaye yuko harusini.

Na lugha! Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 liliikuta Ushahidi, programu ya kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani, ikiwa tayari imeshazaliwa Kenya, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Wahaiti walituma meseji kwenda namba 4636, nyingi kwa Krioli, na Wahaiti wenzao walioko ughaibuni wakakaa kuzitafsiri ili ziwekwe kwenye ramani. Programu bila wale watu ingekuwa rundo la maneno tu. Sasa wewe unamtengenezea bibi wa Jangwani fomu ya Kiingereza yenye kurasa sita, tena umtake na baruapepe. Acheni, jamani. Mtu aliye juu ya paa na chaji asilimia nne anataka kuandika maneno matatu na kujua kuna mtu ameyasoma.

Fanya zoezi Februari, masika hayajafika. Zima data kwenye simu zote, chomoa umeme, tuma taarifa ya uongo ya maji, kisha kaa uone nani kaipata na nani alibadilisha laini tangu mwaka jana. Watakuambia hawana muda. Walipie nauli na chai ya saa nne, watakuja.