Kikoa kiandikwe kwa jina lako

Wafanyabiashara wa Tanga wameniandikia kuhusu vikoa, yaani yale majina ya tovuti yanayoishia na .com au .co.tz. Haya hapa maswali yao.

Shikamoo. Nina nyumba ya wageni Raskazone. Kijana aliyenitengenezea tovuti amehamia Dar es Salaam na simu hapokei. Tovuti imezimika, na nikitaka kulipia naambiwa mimi si mwenye kikoa. Si fedha zilikuwa zangu?

Marahaba, na pole sana. Fedha zilikuwa zako, ila msajili, yaani kampuni iliyouza kikoa, anamtambua yule aliyeandikwa kuwa mmiliki, na inaelekea kijana alijiandika yeye. Barua za namna hii zinaniuma, maana mtu hujenga jina la biashara kwa jasho lake, halafu ufunguo unabaki mfukoni mwa mwingine.

Anza kwa kutafuta kikoa chako kwenye Whois, daftari la wazi la vikoa. Kwa .com jina la mmiliki mara nyingi limefichwa, lakini utamwona msajili na tarehe ya kumalizika muda. Kusanya miamala ya simu, meseji za makubaliano yenu na cheti chako cha biashara, umpelekee msajili huyo kwa maandishi. Kama ni kikoa cha .tz na hamkuelewana, panda hadi TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayosimamia vikoa vya .tz. Usichelewe: kikoa cha .com kikishafutwa, aliyeandikwa kuwa mmiliki ana siku 30 tu za kukikomboa, tena kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Baada ya hapo kinaachiwa, na yeyote anaweza kukichukua. Kwa hiyo mtafute kijana huyo hata kupitia kwa wazazi wake.

Mliobaki, kabla hamjamlipa fundi, hakikisheni mmiliki ameandikwa mwenye biashara au kampuni yake. Fundi aandikwe mhusika wa kiufundi, basi. Na barua pepe ya usajili isiwe ya kikoa hicho hicho, kwani siku kikizimika, ujumbe wa kukirudisha utatumwa kwenye anwani iliyokufa nacho.

Duka langu la vitenge, Ngamiani, nimelisajili BRELA. Kikoa chenye jina hilo si changu tayari?

Hapana. Daftari la BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na la vikoa ni mawili tofauti, na kwenye vikoa anayewahi ndiye anayepata. Zaidi ya hapo, jina la biashara si alama ya biashara. Ukitaka haki ya kumzuia mwingine kuitumia chapa yako, omba alama chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unayesafirisha mzigo Pemba, kumbuka: Zanzibar ina usajili wake wa alama.

Tunauza machungwa ya Muheza. Mtu amechukua .com ya "machungwa" na "Muheza" na anataka tukinunue kwake kwa bei kubwa. Tumshtaki?

Nisingewashauri. Kanuni ya mwaka 1999 ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, inamtaka mlalamikaji athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kikoa kinafanana na alama yake, aliyenacho hana haki wala maslahi halali nacho, na alikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Ninyi mnakwama kwenye la kwanza. Neno machungwa na neno Muheza ni ya kila mtu, hata jirani yenu mkulima ana haki nayo. Shauri la kikoa kimoja mbele ya mwamuzi mmoja wa WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, linaanzia dola 1,500, na mkishinda mnapewa kikoa, hakuna fidia. Fedha hizo tafutieni jina lenu wenyewe, lisajilini kuwa alama, mchukue .co.tz yake siku hiyo hiyo. Huyo muuzaji mwacheni.

Naogopa kuweka namba yangu ya kweli ya simu kwenye usajili wa kikoa. Nikiandika ya uongo?

Usithubutu. Kwa .com, taarifa za uongo za makusudi ni sababu tosha ya kufungiwa. Vivyo hivyo kutomjibu msajili anapokuuliza juu ya taarifa zako, siku 15 zikapita. Omba zifichwe kwenye Whois, hilo linaruhusiwa.

Shule yetu ya awali, Chumbageni, ichukue mwisho gani?

Shule ni .sc.tz. Vyuo ni .ac.tz, asasi zisizo za faida .or.tz, biashara .co.tz. Mkuu wa shule aandae nyaraka za usajili wa shule kabla ya kwenda kwa msajili.