Giaboksi ya Probox inagonga asubuhi, oil ibadilishwe au iachwe?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa Isevya hapa Tabora, nina Toyota Probox otomatiki ya kufuatia asali Sikonge. Miezi 2 sasa, asubuhi nikitoa P nikaweka D inachelewa kama sekunde 2 alafu inagonga ndo inaondoka, na nikiwa na mzigo kuna wakati injini inalia mshale unapanda ila mwendo hauongezeki. Fundi wa kwanza kasema oil ya giaboksi haijawahi kubadilishwa na nisithubutu, eti ikiguswa tu giaboksi inakufa. Wa pili anataka amwage aweke mpya leo leo, ila oil yake iko kwenye galoni halina jina. Nimsikilize nani? Mzigo wangu ni ndoo 18 za lita 20.

JIBU: Nzuri dada yangu. Bado usimsikilize yeyote mpaka dipstiki (kijiti cha kupimia oil) ya giaboksi ichomolewe, maana hakuna hata mmoja aliyekwambia oil yenyewe ikoje.

Ipimwe hivi. Endesha gari dakika 20 ipate moto, paki sehemu tambarare, injini usizime, kanyaga breki upitishe gia zote taratibu kutoka P mpaka L urudi P, ndo uchomoe, ufute, urudishe, uchomoe tena usome kwenye alama za HOT. Watu wengi wanaipima kama oil ya injini, gari imezimwa, wanaona imejaa kumbe iko chini (Honda ndo wao wanataka uzime kwanza, Toyota hapana). Alafu dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uangalie rangi na unuse.

Ikiwa bado nyekundu ila imepungua, inavuja mahali, angalia sili za shafti za matairi ya mbele na gasketi ya sampo (bakuli la oil chini ya giaboksi), maana hii oil haiungui kama ya injini, ikipungua imetoka. Na ikipungua pampu inavuta hewa, presha inachelewa kujaa asubuhi, ndo hizo sekunde 2 zako. Ikiwa na rangi kama maziwa ya strawberi, acha kuendesha kabisa, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, kwasababu oil yake inapita ndani ya rejeta kupozwa. Ikiwa ya kahawia ila hainuki kuungua, ibadilishe bila woga.

Sasa hilo neno la kwamba ukigusa inakufa, lina asili yake. Oil ya otomatiki inalainisha, inapoza, na ndo inayobeba presha ya kubana sahani za klachi za ndani. Gari ikikaa miaka bila sevisi sahani zinalika, mwenyewe anakuja kubadilisha oil siku imeshaanza kuteleza, wiki mbele inagoma, lawama zinaenda kwa oil mpya. Ilishakufa kabla. Inaniuma kuona watu wanaacha oil nyeusi ndani kwa kuogopa, maana hiyo nyeusi ndo inamaliza hata kilichobaki.

Ila na huyo wa pili nisingempa gari. Probox za mwanzo za gia 4 zinatumia oil aina ya T-IV, tafuta galoni iliyoandikwa hivyo, sio WS (aina nyingine ya Toyota) na sio ya CVT (otomatiki za mkanda), zote hizo zinaweza kuwa nyekundu dukani lakini hazifanyi kazi sawa. Usikubali pia kuisukuma yote itoke kwa mashine. Fungua nati ya chini, itatoka kama lita 3, ipime kwenye chupa za maji, rudisha kiasi kilekile. Nyingine inabaki kwenye tokikonveta, lile bakuli la duara kati ya injini na giaboksi, kwaiyo rudia baada ya kilomita 1,000 hivi, na tena mara ya tatu, hapo zaidi ya robo tatu ni mpya. Mara ya kwanza washushe sampo wasafishe sumaku zilizomo. Ute wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma sio kawaida. Na wasijaze kupita alama, inatoa povu.

Ikinuka kuungua na inateleza hivyo unavyosema, sitakudanganya, oil haitaiponya, anza kujipanga kwa overholi (kuifungua na kuitengeneza upya) au giaboksi ya mtumba yenye namba ya aina (code) ileile.

Wakikagua waangalie na mauntingi (raba zinazoshikilia injini), zikikatika nazo zinagonga ukiweka D.

Mzigo sasa. Asali ni nzito kuliko maji, ndoo ya lita 20 inafika kilo 28, zako 18 ni kilo 504, wakati Probox imetengenezwa kubeba kilo 400 ukiwa na mtu mmoja pembeni. Joto la giaboksi linatoka hapo dada. Beba ndoo 14, kwenye mchanga bonyeza O/D OFF (kitufe cha kuzuia gia ya 4) isihangaike kati ya gia ya 3 na ya 4, na kwa kazi hiyo badilisha oil kila kilomita 40,000. Ikikugomea njiani usikubali kuvutwa kwa kamba, injini ikizima pampu haizunguki, matairi ya mbele yanazungusha giaboksi kavu. Wainue mbele au ipande kwenye lori.

SWALI: Shikamoo fundi, niko Mwanga Kigoma, naendesha Hiace manyuo, gia ya 2 inakwaruza. Oil?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Zima injini uingize gia zote, alafu washa ujaribu rivasi. Ikikwaruza rivasi pia, klachi haiachii vizuri, anza na mafuta ya klachi na silinda zake. Ikiwa ni ya 2 peke yake, kile kipete cha shaba kinacholainisha gia kuingia kimelika, oil sahihi ya 75W-90 ya GL-4 itapunguza kelele ila kipete kitabadilishwa tu. Na kwenye hiyo miteremko yenu ya kushuka ziwani, ukisimama kupakia abiria vuta hendibreki, usiishikilie gari kwa klachi.