Jibu: Taa ya tangi la samaki la lita 40 lenye mimea ya majini

Mkuu, umeuliza kama taa ya LED ya wati 10 inatosha. Inatosha, ila wati zisikudanganye, soma lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye boksi. Mmea wa majini usio na makuu kama anubiasi unaridhika na lumeni 15 hivi kwa lita, yaani 600 kwa tangi lako. Mwanga ukizidi sana, inyanyue taa juu kidogo. Chukua nyeupe ya kelvini 6500 (namba ya rangi ya mwanga). Zile za manjano waachie wenye baa.

Muda wa kuwasha ndio balaa. Mimi hapa Moshi nilikuwa naiwasha mpaka nalala, mwani ukajaa maji yakawa kama mlenda. Nikanunua taima ya kuchomeka ukutani, inayowasha na kuzima taa yenyewe, masaa 7 tu kwa siku. Na tangi litoe dirishani, jua nalo linaleta mwani! Umeme ukikatika siku moja usihangaike, mimea haifi.