Uyoga mdogo wa kahawia uani: usiuhukumu kwa rangi

Masika yakishika hapa Mombasa, nyasi za uani kwetu Tudor huchipua uyoga mdogo wa kahawia, kofia yake haizidi upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Mwaka juzi nilimkuta mjukuu wangu akiutafuna. Kwa hofu niling'oa uyoga wote nikautupa jaani, ndipo nikambeba mtoto mbio hospitalini, ambako swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Uko wapi huo uyoga, mama?" Sikuwa na jibu.

Mtoto alilazwa kwa uangalizi hadi kesho yake, kwa kuwa zipo sumu za uyoga ambazo dalili zake hukawia saa 6 hadi 24, na mtu kutotapika mapema si ushahidi kwamba amesalimika. Alhamdulillahi, hakudhurika. Likikufika kama hili, usimlazimishe mtoto kutapika. Chukua uyoga mzima pamoja na kitako cha shina lake, uutie katika mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki huoza upesi, kisha uende nao hospitalini.

Baadaye nilisoma habari za Panaeolus foenisecii, uyoga wa nyasi unaojulikana sana Ulaya na Marekani, ambao jina lake la Kilatini linahusu ukataji wa majani makavu ya mifugo. Ukilowa huwa wa kahawia iliyokoza. Jua likipanda, kofia hupauka kuanzia katikati na kuacha utepe mweusimweusi ukingoni. Wa uani kwetu ulifanya vivyo hivyo kati ya alfajiri na adhuhuri, nami nikajiona mtaalamu! Kumbe jamaa zake kadhaa hupauka hivyo pia. Ukilaza kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, huo huacha unga wa spora (chembe zake ndogo za uzazi) wa kahawia iliyokoza, ilhali wenzake wengi huacha mweusi. Na hata hapo huhitajika hadubini, ambayo huonyesha kwamba spora zake zina vinundu na za wenzake ni laini. Jirani anayepima uyoga kwa kuuchemsha na kitunguu saumu hapimi chochote.

Siku hizi huamka kabla ya watoto nikazunguka ua na kopo, nikiung'oa mmoja mmoja. Mvua ikirudi nao hurudi, kwa kuwa mwili wake hasa ni nyuzi zilizo chini ya udongo, zinazojilisha mabaki ya nyasi.