Ukipewa kazi ya kuandika historia ya marehemu, usianzie kwenye vyeti

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia. Baba yake amefariki, mazishi ni Jumamosi, na wakubwa wa ukoo wamemkabidhi kalamu kwa kuwa ndiye aliyesoma. Anasema baba yake alikuwa mtu wa watu, mtaa mzima unamlilia, lakini kila akikaa kuandika historia ya marehemu anajikuta anaandika kama barua ya kuomba kazi: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu. Ananiuliza aanzie wapi.

Yeye nimeshamjibu kwa simu, maana siku zenyewe zimemwishia. Hapa nataka kujibu kwa kirefu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna wazee wenu, na mnatamani siku yao ikifika wasemwe walivyokuwa. Baba yangu ametutoka mwaka juzi. Yaliyotokea siku ya kumzika bado yananiuma, na tuliyoyafanya baadaye najivunia mpaka leo.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini kijana, enzi ya Reli ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akawa wa Shirika la Reli Tanzania, njia ikiwa ile ile ya Tanga, Moshi na Arusha. Kazi yake ilikuwa kukagua tiketi. Kwenye karatasi ni maneno mawili tu, kukagua tiketi, lakini waliopanda treni ile wanajua alivyoingia behewani. Salamu kwanza. Mzee ataamkiwa shikamoo, mtoto ataulizwa yuko darasa la ngapi, mama mwenye kichanga atapokelewa kichanga ili aweze kununua maandazi dirishani. Tiketi itafuata baadaye, tena ataiomba kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Muheza alikuwa na mama yake wa machungwa, hakununua kwa mwingine. Mombo alijua nani anashuka kupanda Lushoto na nani kafuatwa na shemeji. Watoto wa shule aliwakusanya akawaeleza kwamba reli hii ilianza kujengwa pale Tanga mwaka 1893, wakati wa Mjerumani, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905, na kwamba mikono iliyoibeba mataruma yale ilikuwa mikono ya babu zao. Nimekutana na watu wazima wanaoitaja miaka hiyo bila kukosea, wamesomeshwa na mkagua tiketi.

Nyumbani tulikaa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Baba, kama nusu ya watu wa Tanga, alitembea kwa baiskeli, na safari ya sokoni ilimchukua asubuhi nzima kwa sababu hakuweza kumpita mtu. Akirudi, mboga imenyauka na mama amenuna, lakini amekuja na habari za nyumba zote: nani kajifungua, nani kapata kazi bandarini, mtoto wa nani amefaulu. Hakula peke yake. Sinia lilikuwa moja, sisi watoto na yeyote aliyepita mlangoni, na hakutia mkono mpaka wa mwisho anawe. Marafiki zetu wote aliwajua kwa majina, na majina ya mama zao pia.

Halafu kulikuwa na kadi za salamu. Waliozaliwa zama za simu hawawezi kuelewa. Ulinunua kadi ya Radio Tanzania, ukajaza jina lako na majina ya unaowasalimia, ukamalizia na ujumbe, ukaituma posta, ukangoja. Baba alikuwa na fungu lake la kadi kabatini. Mtu akilazwa, hata jirani wa jirani, kadi inakwenda kwenye kipindi cha Ugua Pole, na siku ikisomwa tunanyamazishwa wote. Mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa soka aliwasalimia mashabiki wa African Sports, mahasimu wao wa pale pale Tanga, mmoja mmoja, majina kamili, na ujumbe wa pole.

Sasa nije kwenye msiba.

Kamati ya mazishi iliundwa usiku ule ule, na mwenyekiti akachagua mtu wa kuandika historia. Mimi nilikuwa nimeandika yangu, kurasa nne, machozi yakidondokea karatasi. Nikaambiwa muda ni mfupi, wageni wanatoka mbali, wameandaa ya kwao. Ya kwao ilisomwa na ndugu ambaye hakuwahi kusafiri na baba hata kituo kimoja. Alizaliwa mwaka huu, alibatizwa, aliajiriwa, alipandishwa daraja, alistaafu. Kisha ugonjwa. Ndugu zangu, ugonjwa ulikuwa zaidi ya nusu! Presha ilianza lini, sukari iligundulika lini, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi, vipimo vilionyesha nini. Mtu aliyecheka na watu miaka zaidi ya sabini akaagwa kwa cheti cha daktari. Mjane amekaa pale anasikiliza majina ya dawa. Mpaka leo nikikumbuka, kifua kinabana.

Aliyetuokoa ni mtani. Mzee mmoja Mnyamwezi, waliyefanya naye kazi reli, watani wa miaka mingi. Tumerudi kutoka makaburini, watu wako kwenye mikeka, akachukua kofia ya baba ya kazini, akaivaa upande kama alivyokuwa akiivaa yeye, akaanza kukagua waombolezaji. Anainama: “Shikamoo mama, tiketi iache kwanza, mguu unaendeleaje? Na yule binti wa Same, ameshaolewa?” Sauti ile ile, na mkono mmoja nyuma ya mgongo vile vile. Watu walicheka wakalia. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akashikwa na shangazi. Na mtani akakataa kuvua kofia mpaka alipwe, kama ilivyo haki yake.

Kwa hiyo dada yangu, na wote mliokabidhiwa kalamu, nawaambia nilichojifunza kwa mtani yule: waliomjua marehemu vizuri zaidi mara nyingi hawamo kwenye kamati. Watafuteni. Baada ya kuanua tanga nilitoka na simu yangu, nikaenda kwa fundi wake wa baiskeli, kwa wastaafu wenzake, kwa wanawake waliouza vyakula vituoni. Ndugu wa damu nilijua watanipa miaka na vyeo. Hawa wengine walinipa baba.

Ila swali lina kazi yake. Ukimwuliza mtu, “Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?” atakujibu alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye upendo kwa wote. Hayo husemwa kwa kila maiti, hata aliyekuwa hatoi salamu. Mimi niliuliza: mlikutana wapi mara ya kwanza? Alikuwa anakuitaje? Mlibishana nini? Swali la ubishi ndilo linalofungua mlango, nawahakikishia. Fundi baiskeli alinieleza kwamba baba akija kuziba pancha alikalia kigoda na kuanza kupatanisha wateja waliogombana, hadi fundi akawa anamfukuza ili apate kufanya kazi, na kesho yake anamtumia mtoto kumwita kwa kuwa kijiwe kimepoa.

Na Muheza nilimkuta mama mmoja, muuguzi, ambaye sisi hatukuwahi kumsikia. Akiwa mwanafunzi wa sekondari alipanda treni hana nauli, akajificha. Baba alimkuta. Hakumpigia kelele. Alitoa fedha yake mfukoni, akamkatia tiketi mwenyewe, akamwambia atamlipa kwa ripoti ya shule. Basi kila likizo binti yule alimtafuta kwenye treni amwonyeshe ripoti, na baba aliisoma yote mpaka maoni ya mwalimu, akakunja uso kwenye hesabu. Aliponisimulia alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga. Mama yangu aliishi na mtu huyo maisha yake yote ya ndoa, na hilo hakulijua! Fikirini kingekwenda wapi kisa hicho kama tungeridhika na karatasi ya kamati.

Ugonjwa uandikieni sentensi moja. Waliokuwa wanamwuguza wanaujua, na wengine hauwahusu.

Na msiogope kusema alichokuwa anakera. Baba alileta wageni bila taarifa, na mshahara wake ulikuwa na wajomba wengi. Nilipomwuliza mama aniambie juu ya ndoa yao alisema, “Mimi sikuolewa na baba yenu, niliolewa na Tanga nzima.” Nimeliandika hilo lilivyo. Baadhi ya ndugu walitaka niliondoe, wakisema linamvunjia heshima marehemu. Nimekataa. Mama alilisema akitabasamu, na ni haki yake kuwa na neno lake juu ya mume wake. Marehemu asiye na dosari hamtambui hata mkewe.

Ndugu zangu, tumekuwa watu wa ajabu. Msiba ukitokea leo tunashona sare, tunachapa fulana zenye picha, tunaleta wapiga video wa kurusha mazishi mubashara mpaka Marekani. Michango inapatikana, tena haraka. Lakini kumkalisha bibi wa miaka themanini dakika kumi, ukamwekea simu karibu na kumwuliza kaka yake alikuwa anaimba wimbo gani akienda mtoni, hilo hatuna muda nalo. Na hao mabibi wanakwenda. Mtani yule wa baba tumemzika mwaka huu. Sauti yake ninayo kwa sababu nilimfuata mapema, nikamrekodi akisimulia, na wanawe wamekuja kwangu kuiomba. Tena rekodini sauti, msitegemee kuandika tu; mtu akisimulia anamwiga marehemu bila kujua, na kuiga huko hakuandikiki. Na kama mzee wako bado yu hai, Mungu amekupa nini zaidi? Mwulize yeye mwenyewe. Desemba 2019 treni ya abiria iliporudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, baba alitaka apelekwe Korogwe akaione tu. Kaka yangu alimpeleka. Aliwasalimia wahudumu wote vijana, akawauliza majina na kwao ni wapi, na kaka alirekodi kila kitu. Wajukuu wanaijua video ile kuliko katuni zao.

Mwaka ulipotimia tulifanya kumbukumbu nyumbani. Ibada ilikuwepo, na kwa kuwa ukoo wetu wa Kibondei una Wakristo na Waislamu, baba mdogo na wanawe walisoma dua. Kisha nikasimama nikasoma yale niliyokusanya, yote. Hakuna aliyenionyesha saa. Muuguzi wa Muheza alikuja na ripoti yake moja ya zamani, akaisoma mbele za watu pamoja na alama ile mbaya ya hesabu. Yule ndugu aliyesoma historia siku ya mazishi alikuja baadaye akaniomba nakala ya wanawe. Nilimpa. Sikumwambia neno, lakini nilifurahi, sitaficha.

Bado nina pengo. Miaka ya mwanzo, kabla hajaoa, baba alifanya kazi kwenye treni za mizigo, akilala sana Korogwe na Same, na wenzake wa wakati ule sijampata hata mmoja. Kama mzee wako alikuwa reli ya Tanga miaka ya sabini, mwulize kama anamkumbuka kijana mrefu wa Kibondei aliyevaa kofia upande na kusalimia mpaka mbuzi wa stesheni, kisha uniandikie. Nitakuja mwenyewe na simu yangu.